Kabla ya Safari ya Idd: Tuzungumze Kuhusu Mvua

(Mada iliyotolewa msikitini mjini Kericho baada ya swala ya Alasiri, katika darsa za vijana za Ramadhan. Imeandikwa upya kwa ajili ya jarida.)



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote.

Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi mnaosoma jarida hili nyumbani huku mkingojea adhana ya Magharibi: mada yangu leo si ya fiqhi wala si ya tajwidi. Nataka tuzungumze kuhusu mvua na mawe. Najua kuna atakayesema, huyu naye, watu wanautafuta usiku wa Laylatul Qadr, yeye anatuletea habari za matembezi. Nivumilieni. Kila mwaka likiingia kumi la mwisho, safu za nyuma huanza kunong'onezana: Idd tunaenda wapi? Na kila mwaka jina la kwanza kutajwa ni Hell's Gate, kule Naivasha. Basi afadhali tulizungumze sasa, tumbo likiwa tupu na akili imetulia, kuliko siku ya safari wakati kila mtu amejaa furaha na biriani.

Kwanza niwatoe hofu wale wanaodhani kutembea kutazama mahali ni upuuzi. Qur'ani inatuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi na tuangalie. Lakini kuna kutazama na kutazama. Mtume (SAW) alipopita Al-Hijr akielekea Tabuk, mwaka wa tisa wa Hijra, alipita penye majabali yaliyochongwa nyumba, makazi ya kaumu ya Thamud. Pazuri mno pale, leo watu wanapanda ndege kwenda kupiga picha. Yeye alifunika kichwa, akaharakisha mnyama wake, akawakataza masahaba wasiingie ila wakiwa wanalia. Na waliokuwa wamekanda unga kwa maji ya visima vile wakaambiwa wawape ngamia. Yaani kiongozi wa msafara aliona mahali panapovutia, na jeshi limechoka, lina njaa na joto, na bado akasema hapa hatukai. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Sasa, sisi watu wa Kericho na Bomet tuna ugonjwa wetu. Hatuiheshimu mvua. Na tutaiheshimuje? Tumezaliwa ndani yake. Hapa mjini tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Asubuhi jua, saa nane mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, saa tisa inanyesha, saa kumi na moja imekwisha na watu wanarudi kwenye majani. Mvua ya mawe ndiyo tunayoiogopa kidogo, nayo ni kwa sababu inachanachana chai. Mtoto wa hapa akiambiwa "usiende, kuna wingu," anacheka. Angengoja wingu liondoke, asingefika shule hata siku moja.

Na kweli, kwetu mvua ni mpole kwa sababu ardhi yetu inaimeza. Udongo mwekundu wenye kina kirefu, juu yake mchai umeshonana kama zulia, juu zaidi kuna msitu wa Mau. Tone likianguka Kapkatet linapitia jani, linapitia mizizi, linashuka polepole, na huenda likachukua siku nyingi kufika mtoni. Ndiyo maana mito yetu haikauki hovyo.

Haya, toka hapa asubuhi, pita Londiani, panda Mau Summit, shuka Nakuru, Gilgil, hadi Naivasha. Ni saa nne hivi kwa basi, na umeingia dunia nyingine. Mvua ya Naivasha haifiki hata nusu ya yetu. Hell's Gate ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, iliyotangazwa mwaka 1984. (Jina lake, kwa wasiojua, maana yake ni Lango la Jahannamu. Mzee mmoja wetu aliwahi kukataa katakata tangazo lenye jina hilo lisibandikwe ukutani mwa msikiti. Tukaandika "Safari ya Naivasha", mambo yakaisha.) Ni mojawapo ya mbuga chache ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga.

Na hayo mawe, subhanallah. Ukiingia tu unakutana na Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba inayosimama peke yake, mita 25 hivi kwenda juu. Ni shingo ya volkano ya zamani: uji wa moto uliganda ndani, kisha mchanga na majivu ya pembeni yakaliwa na upepo na maji, ukabaki mwamba mgumu. Jina limetokana na Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo miaka ya 1880. Wamaasai wana hadithi yao: bibi harusi aliyekatazwa kugeuka nyuma akiondoka kwao, akageuka, akawa jiwe. Hatuiamini, lakini msikilize mwenyeji kwa adabu anapokusimulia, usimkatize kwa hotuba ya akida. Mbele zaidi kuna kuta nyekundu ndefu zenye mistari kama zimepigwa rula, kuna mvuke unaotoka ardhini, kuna mabomba ya Olkaria ambako umeme wa joto la ardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Na mwisho kuna korongo la Ol Njorowa. Hilo ndilo vijana wanalolitaka.

Korongo hilo lilichongwa na maji. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mno, likafurika, na maji yakatafuta njia ya kutokea upande wa kusini. Ukishuka ndani, kuta zinakukaribia kutoka pande zote mbili, mahali pengine unaweza kugusa huku na huku. Juu unaona ukanda mwembamba wa mbingu. Ni baridi, ni kimya, na picha zake ni nzuri kuliko zote. Lakini hebu jiulize swali la mtu mzima: kama maji ndiyo yaliyolichonga, nani amekuambia yameacha kupita?

Wingu likimwaga mvua upande wa mlima Longonot au kwenye vilima vya Olkaria, ardhi ya kule hainywi kama yetu. Ni majivu ya volkano, mwamba, na nyasi chache. Maji yanateleza. Kila kijito kinamtafuta mwenzake, na vyote vinaishia kwenye ule mfereji mmoja mwembamba ambamo wewe umesimama na simu yako. Juu ya kichwa chako jua linawaka. Hujanyeshewa hata tone. Na ndani ya dakika chache maji yanafika kifuani.

Siwaambii mambo ya kutunga. Jumapili moja ya Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa humo korongoni, wametembea na viongozi wao kama tunavyotembea sisi. Maji yakaja. Wakafa vijana saba. Miaka saba baadaye, Septemba 1, 2019, pia Jumapili, watalii na mtembezaji wao walikumbwa na maji mahali hapo hapo, wakafa watu saba tena, na mtembezaji mwenyewe, mwenyeji wa pale, alikuwa mmoja wao. Septemba mwanzoni si msimu ambao mtu wa Naivasha anatazamia mafuriko. Baada ya hapo KWS ikafunga korongo.

Na usiseme ni Naivasha tu. Oktoba 25, 2018, kule Jordan, wanafunzi wa shule walipelekwa matembezini karibu na Bahari ya Chumvi, bonde kavu lenye miamba na chemchemi za moto. Mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha milimani. Watu 21 walikufa, wengi wao watoto. Kibali cha safari ile kilikuwa cha mahali pengine kabisa, na mawaziri wawili, wa elimu na wa utalii, walijiuzulu. Petra, hapo hapo Jordan, watu wa kale waliochonga ule mji walijua vizuri jambo hili: walitoboa handaki na kujenga ukuta ili maji yapite kando, yasiingie kwenye njia nyembamba ya mji wao. Wale hawakuwa na redio wala utabiri wa hali ya hewa. Na Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, Aprili 2024 maji ya wadi yalichukua gari lenye watoto wa shule huko Al Mudhaibi, wakafa watoto kadhaa. Wadi ni bonde kavu. Mwaka mzima magari hupita humo.

Nisisahau la karibu. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, Mai Mahiu, barabara ambayo ndugu zetu wa Bomet huipita wakienda Nairobi kupitia Narok, maji yalitoka juu yakashukia vijiji watu wakiwa wamelala. Walikufa makumi. Hata hao waliokuwa vitandani mwao, maji yaliwafuata.

Sasa nije kwenye letu, maana mzungumzaji anayesimulia makosa ya wenzake tu hajafanya kazi yake.

Januari 2020, kabla shule hazijafunguliwa, tulikwenda Hell's Gate watu arobaini na kitu. Mimi ndiye niliyekuwa amiri wa safari. Kumbuka vuli ya 2019 mvua ilipitiliza nchi nzima. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua hazikujua kuacha. Januari, mwezi wa vumbi, Naivasha ilikuwa kijani. Sijawahi kuona. Chini ya Mnara wa Fischer nyasi zimefika magotini, maua meupe yametoka kwenye nyufa za miamba, vidimbwi vimejaa mbingu ndani yake. Dada mmoja alikaa chini akalia tu, hakusema neno. Nami nilisema moyoni, leo ni siku ya kumbukumbu.

Getini askari wa wanyamapori alituambia wazi: tembeeni popote kwenye njia, korongoni hakushukwi. Tukasema sawa. Tukaendesha baiskeli, tukaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili kama wasafiri, chini ya ukuta mwekundu. Baadaye, tukiwa upande wa mwisho, akatokea kijana mmoja, si mfanyakazi wa mbuga, akasema anajua njia ya pembeni ya kushukia. Mia mbili kwa kichwa. "Nusu saa tu, mnaona kila kitu, mnapanda."

Ndugu yangu unayesoma, nitakwambia kweli. Nilikubali. Sikutamka, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kumfuata. Vijana walikuwa wamelipa nauli kwa taabu, wengine ni watoto wa wachuma chai, mia tano ni fedha. Walikuwa wananitazama. Na mbingu juu yetu ilikuwa safi kama kitambaa kilichofuliwa. Sababu ya kusema hapana ilikuwa wapi?

Tulikuwa na mama mmoja aliyekuja kuwasimamia wasichana. Ni mchuma chai, lakini kwao asili ni kule chini Mulot, ambako Bomet inaanza kuwa kavu kuelekea Narok. Aliniita pembeni. Hakunigombeza mbele ya vijana, na hiyo nayo ni adabu ya kujifunza.

"Mwanangu," akasema, "lile wingu pale linanyesha wapi?"

Nikageuka. Mbali, upande wa Longonot, kulikuwa na weusi, na chini yake kama pazia la kijivu.

"Linanyesha mbali, mama. Halijafika huku."

"Sikuulizi kama limefika. Maji yake yanapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia utotoni mwao mbuzi wa baba yake, zizi zima, walichukuliwa na laga kavu, jua likiwaka, na ndugu yake mkubwa aliponea kwenye mti. Kabla ya maji kuja, alisema, ndege walinyamaza, kisha ukasikika mngurumo kama lori linapanda mlima, kisha harufu ya udongo. "Ukisikia lile lori, umeshachelewa."

Nikawageukia vijana nikasema tunarudi kwenye basi. Wacha nikuambie, sijawahi kuchukiwa kama siku ile. Mmoja, mtoto wa dada yangu, akasema kwa sauti: "Mjomba, kwani hatumtegemei Mwenyezi Mungu?" Wengine wakaguna. Yule kijana wa njia ya pembeni akacheka, akaenda zake.

Swali la mpwa wangu lilinichoma, na sikuwa na jibu zuri pale pale. Nililipata nikiwa ndani ya basi, tumeshapita Gilgil. Ni kisa cha Sayyidna Umar (RA). Alikuwa njiani kwenda Sham na watu, akafika mahali panapoitwa Sargh, akaletewa habari kwamba Sham kuna tauni. Akataka ushauri kwa Muhajirina, wakahitilafiana. Akataka kwa Ansari, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wao wakasema kwa sauti moja: rudi na watu. Akatangaza safari ya kurudi. Abu Ubayda (RA), sahaba mkubwa, akamuuliza swali lile lile la mpwa wangu: unakimbia qadar ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye qadar ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadar ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja lina rutuba na jingine kame. Popote atakapolisha ngamia wake, ni kwa qadar ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Awf (RA) akaja na hadithi ya Mtume (SAW) iliyothibitisha uamuzi ule. Lakini angalia: Umar alishaamua kurudi kabla hadithi haijafika.

Na Mtume (SAW) mwenyewe? Bibi Aisha (RA) anasimulia kwamba akiona wingu zito uso wake ulibadilika, mpaka alipomuuliza, maana watu wakiona wingu hufurahi. Akamkumbusha kaumu ya Aad, walioliona wingu likielekea mabonde yao, wakasema hii ni mvua yetu. Mtume ndiye mwenye tawakkul kuliko sote, na wingu halikumpita bila kumshughulisha. Halafu kuna ile Ijumaa aliyoombwa aombe mvua, ikanyesha wiki nzima, Ijumaa ya pili akaombwa aombe isimame. Hakuomba iondoke kabisa, aliomba iwe pembezoni mwao, vilimani na mabondeni. Anas (RA) anasema bonde la Qanat lilitiririka mwezi mzima. Madina kuna jua, na bondeni maji yanapita. Kila nikisoma hadithi hiyo namkumbuka mama yule wa Mulot.

Mtaniuliza: je, siku ile maji yalikuja? Sijui. Tulipofika mjini Naivasha hatukusikia lolote. Huenda hayakuja. Huenda wangeshuka, wakapiga picha, wakapanda salama, na leo mimi ningekuwa amiri mzuri machoni pao. Kwa miezi mingi nilitaniwa, "amiri wa mawingu". Na hapa ndipo penye uzito wa jambo, ndugu zangu. Aliyeshuka akafa, dunia nzima inajua alikosea. Aliyerudi hapati ushahidi wowote kwamba alipatia. Anarudi na lawama, na nauli za watu zimekwenda. Ukikubali kuwa amiri wa safari, na Mtume (SAW) ametuagiza watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao, basi umekubali na hilo. Kama huwezi kustahimili utani wa vijana, usichukue uamiri, kaa kiti cha nyuma ule njugu.

Na wewe unayeongozwa, kazi yako ipo. Usimfanye amiri wako aone haya kusema hapana. Ule mguno wetu ndani ya basi, ule wa "tumelipa", ndio unaowasukuma viongozi korongoni.

Basi kuhusu Idd hii, kamati imeniomba niseme yafuatayo. Safari ya Naivasha ipo, inshaallah, Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, na tarehe kamili mwezi ukiandama. Korongo halimo katika ratiba, hata tukikuta geti lake liko wazi, hata tukipewa bure. Siku mbili kabla tutapiga simu mbugani na kuangalia utabiri wa Naivasha, Longonot na Narok, si wa Kericho. Maji yakipita juu ya barabara hatuvuki, hata dereva akisema yeye ni fundi. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kubeba gari dogo. Kila mzazi apewe namba ya amiri, na amiri awe na namba ya kila mzazi, imeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu inayoisha chaji.

Mama wa Mulot ameshajiandikisha. Mpwa wangu pia, na mwaka huu yeye ndiye naibu amiri. Wengine karatasi iko kwa muadhini, jiandikisheni baada ya Tarawehe, na mje na makoti ya mvua.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.